Mashoto ya Ringo Starr na zile roli zake

Kuna dogo namfundisha dramu, ana miaka 11, ni mtu wa mashoto. Wiki ya kwanza tu mama yake akaniuliza kama naweza kumbadilisha apige kulia kama wenzake. Nikamwambia hapana mama, ngoja kwanza nikupe habari za Ringo Starr, yule mpiga dramu wa Beatles, bendi ya Uingereza.

Jina lake hasa ni Richard Starkey, kazaliwa 7 Julai 1940 Liverpool, mtaa wa Dingle, mtaa wa watu wa hali ya chini. Alikuwa wa mashoto na bibi yake akaona hayo ni mambo ya kichawi, akamlazimisha aandike kwa kulia. Sisi tuliolelewa na bibi tunalijua hilo, pokea kitu kwa kushoto uone. Akawa anaandika kwa kulia lakini mambo mengine mkono unaotangulia ni ule ule wa shoto.

Na utoto wenyewe ulikuwa wa hospitali. Miaka 6 kidole tumbo kikapasuka, akapoteza fahamu siku kadhaa, miaka 13 ikaja TB akalazwa karibu miaka 2. Huko wodini watoto walikuwa wanaletewa vyombo vya kugonga, na hapo ndo mdudu wa ngoma ulimuingia, akawa anagonga hadi kabati la pembeni ya kitanda. Krismasi ya 1957 baba yake wa kambo akamnunulia dramu za mtumba.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Alizikalia zile dramu zilivyopangwa kwa mtu wa kulia, hakugeuza kitu. Mtu wa kulia akitaka kupiga roli, yaani kuzungusha mapigo ya haraka dramu moja hadi nyingine, anaanza na mkono wa kulia, anatoka kwenye snea, ile dramu iliyo mbele yake upande wa kushoto, anazunguka kwenye tomu ndogo, dramu za juu, anamalizia tomu kubwa ya chini upande wa kulia, mikono inafuatana vizuri haigongani. Wewe wa mashoto ukianza na kushoto mkono wa kulia unakuwa umekuzibia njia, inabidi usubiri kidogo uhamishe mkono, au uende kinyume, uanze tomu kubwa upande juu. Jaribu mezani sasa hivi kwa vidole utaona! Kile kichelewesho kidogo ndo sauti ya Ringo, roli inakuja kama mtu anayevuta pumzi kabla hajaongea, na watu wa kulia wakitaka kuiga wanapata noti zote ila ule uzito haupo. Sikiliza wimbo wa Rain wa 1966, mwenyewe anaihesabu kati ya kazi zake bora kabisa. Halafu wimbo wa Come Together, tomu zimefunikwa mataulo ya jikoni ndo maana zinasikika nzito na fupi.

Inaniuma sana mtu akisema Ringo alibahatika tu. Agosti 1962 anajiunga na Beatles tayari ana jina Liverpool na bendi ya Rory Storm, ameshapiga Hamburg, Ujerumani, usiku kucha. Septemba hiyo hiyo studio wakamleta mpiga dramu mwingine, Andy White, Ringo akapewa tambarini. Fikiria umekaa na tambarini mwenzio anapiga wimbo wenu! Hakuondoka. Mwaka 1968 ndo aliondoka, alijiona hathaminiwi, aliporudi akakuta dramu zimepambwa maua tupu.

Na taimu yake, yaani mwendo wa mapigo, haiyumbi, hiyo hata wasiompenda wanakubali. Pombe aliacha 1988, mwaka uliofuata akaanzisha bendi ya All-Starr, 2018 akapewa usir, ile heshima ya kuitwa Sir Uingereza, na miaka 80 ilimkuta bado mpigaji.

Dogo wangu sijamgeuzia dramu, mama yake alikubali. Jumamosi alianza roli tomu kubwa akapanda hadi snea, ikachelewa kidogo, ikaangukia kwenye moja kabisa, lile pigo la kwanza la kuhesabu. Nikamwambia rudia hiyo hiyo, usiisahihishe.