Ernie Chambers: miaka 46 katika Bunge la Nebraska

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza mabunge ya majimbo ya Marekani, mara nyingi huombwa nieleze mbunge wa jimbo hupata wapi nguvu zake, na jibu langu huanzia kwa Ernie Chambers, seneta wa zamani wa jimbo la Nebraska kutoka mji wa Omaha. Wasomaji wengi wa Kiswahili hulifuatilia Bunge la Washington, ilhali sehemu kubwa ya sheria zinazomgusa Mmarekani wa kawaida, zikiwemo za makosa ya jinai, shule za umma, leseni na utaratibu wa uchaguzi wenyewe, hutungwa katika miji mikuu ya majimbo 50. Huko ndiko Chambers alikofanya karibu kazi yake yote ya kisiasa, na sijaona maisha ya mbunge mwingine yanayoifafanua kazi hii vizuri zaidi.

Bunge la Nebraska, lililopo mjini Lincoln, ni la pekee nchini humo kwa kuwa na baraza moja tu tangu mwaka 1937, na wagombea wake hupigiwa kura bila jina la chama kuandikwa kwenye karatasi. Lina wabunge 49, waitwao maseneta, wanaokutana kwa siku 90 za kazi katika mwaka wa namba witiri na siku 60 katika mwaka wa namba shufwa, kwa mshahara wa dola 12,000 kwa mwaka uliowekwa na wapiga kura kupitia katiba ya jimbo mwaka 1988. Mshahara huo hautoshi kulea familia, na kwa hiyo kiti cha seneta humfaa zaidi mstaafu, mkulima mwenye shamba lake, wakili mwenye ofisi yake au mtu ambaye mwenzi wake ana kipato cha uhakika. Chambers hakuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Alikuwa kinyozi wa Omaha Kaskazini, mtaa wa Wamarekani Weusi, alipochaguliwa mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 33. Shahada ya sheria aliipata Chuo Kikuu cha Creighton mwaka 1979, akiwa tayari seneta, lakini akakataa kujiunga na chama cha mawakili.

Nilipoanza kusoma kumbukumbu za mijadala yake, nilitarajia kukuta msemaji hodari tu. Niliyemkuta ni mtu aliyeisoma miswada ya wenzake kwa makini kuliko baadhi ya waliokuwa wameiwasilisha, na aliyeijua kila kanuni ya Bunge. Umuhimu wa jambo hilo hauonekani mpaka mtu aelewe kwamba, katika Bunge lenye siku 60 au 90, kitu kilicho adimu kuliko vyote ni muda. Kila muswada hupita katika hatua tatu za mjadala na kura, na katika kila hatua seneta yeyote anaweza kuleta marekebisho, kuomba muswada urudishwe kamatini au kuleta hoja ya kuuahirisha, na kila hoja kati ya hizo hujadiliwa. Ili kuufunga mjadala kwa nguvu zinahitajika kura 33 kati ya 49. Kwa hiyo mtu mmoja aliye tayari kusimama kutwa nzima, anayejua ni hoja ipi inatangulia ipi, anaweza kula saa za Bunge mpaka wenye miswada mingine, wakiona foleni yao haisogei, waende kuzungumza naye. Hivyo ndivyo seneta Mweusi kutoka wilaya moja ya uchaguzi, katika Bunge ambalo kwa miaka mingi hakuwa na mwenzake wa rangi yake, alivyoweza kuzuia miswada aliyoiona mibaya na kupata masikio kwa ile ya kwake.

Matunda yake yalikuwa mengi. Mwaka 1980 alilishawishi Bunge lipitishe azimio la kuondoa fedha za pensheni za jimbo katika makampuni yenye uhusiano na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, jambo ambalo hakuna jimbo lililokuwa limelifanya kabla ya Nebraska. Alipigania pia madiwani wa Omaha wachaguliwe kwa wilaya badala ya kura za mji mzima, ambazo zilizimeza sauti za Omaha Kaskazini. Mahakamani hakufanikiwa: kesi yake ya kupinga kasisi wa Bunge kulipwa kwa fedha za umma ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, naye akashindwa mwaka 1983.

Lakini suala alilolishikilia kuliko yote ni adhabu ya kifo. Mwaka 1979 Bunge lilikubali kuifuta, na gavana Charles Thone akautupilia mbali muswada huo kwa kura ya turufu. Chambers aliendelea kuurudisha, safari baada ya safari, kwa miongo. Mei 2015 Bunge liliifuta tena. Gavana Pete Ricketts akatumia turufu, na tarehe 27 mwezi huo maseneta 30 dhidi ya 19 wakaibatilisha turufu yake. Zilihitajika kura 30 kamili, na miongoni mwa waliozipiga walikuwamo wahafidhina ambao Chambers alitofautiana nao karibu katika kila jambo jingine. Ushindi huo haukudumu, kwani Novemba 2016 wapiga kura waliirejesha adhabu hiyo kwa asilimia takriban 61, na Agosti 2018 jimbo likamuua mfungwa mmoja kwa sindano ya sumu, wa kwanza tangu 1997. Hata hivyo, kwangu mimi kura ile ya 2015 inabaki kuwa kipimo cha kazi ya mbunge: ilichukua miaka 44 tangu aapishwe.

Ndiyo maana siwezi kuunga mkono ukomo wa mihula ambao Nebraska iliupitisha mwaka 2000, unaomtaka seneta aondoke baada ya mihula miwili mfululizo ya miaka minne. Wapo walioamini tangu mwanzo kwamba ulimlenga Chambers. Wanaoutetea husema huleta damu mpya, na ni kweli kwamba huleta. Lakini seneta mpya hutumia muhula wa kwanza kujifunza kanuni na bajeti, na anapokuwa ameiva ameanza kuhesabu siku za kuondoka. Wanaobaki jengoni ni maofisa wa gavana na washawishi wanaolipwa na makampuni, ambao hawana ukomo wowote, na ambao yeye hulazimika kuwauliza sheria fulani ilitungwa kwa nini.

Chambers aliondoka Januari 2009 baada ya miaka 38. Kwa kuwa katiba huzuia mfululizo tu, alisubiri miaka minne, akagombea tena mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 75, akamshinda Brenda Council aliyekuwa amekikalia kiti chake, na akarudi kwa miaka minane zaidi. Kura iliyoibatilisha turufu ya Ricketts ilipigwa katika awamu hiyo ya pili. Januari 2021 ukomo ule ule ulimtoa kwa mara nyingine, akiwa na miaka 83.