2,147,483,647: Namba tasa iliyo ukomo wa saa za kompyuta

Chukua 2 kwa kipeo cha 31, kisha toa 1. Unapata 2,147,483,647, yaani bilioni mbili na ushei. Namba hii ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyelithibitisha hilo ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg, Urusi, wakati macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa.

Aliwezaje bila mashine? Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na kitu. Lakini mpaka hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700, na kuzijaribu zote kwa mkono ni adhabu. Euler alichunguza umbo la namba yenyewe. Kwa kuwa imetokana na 2 kwa kipeo cha 31, kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Ziorodheshe: 63, 249, 311, 497, 559 na kuendelea. Hadi kwenye kipeuo hazifiki 400, na nyingi si tasa, kwa hiyo unaziruka. Ya kwanza kujaribiwa ni 311: ukigawanya namba yetu kwa 311, inabaki 35, kwa hiyo si kigawo. Inayofuata ni 1,303! Kwangu mimi, hili lastahili kufundishwa sekondari, maana mwanafunzi anaona jinsi hoja moja inavyofuta maelfu ya hesabu.

Izidishe 2,147,483,647 kwa 1,073,741,824 na utapata namba timilifu, inayolingana na jumla ya vigawo vyake vingine vyote, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3.

Kwenye kompyuta, inayoandika namba kwa tarakimu 0 na 1 tu, namba yetu huandikwa kwa tarakimu 1 thelathini na moja mfululizo, bila sifuri. Programu nyingi za zamani hutunza namba katika biti 32 (biti ni nafasi ya tarakimu moja, 0 au 1), moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi. Zilizobaki zikijaa, huo ndio ukomo. Utasa hauhusiki hapa. Ni lile lile umbo la 2 kwa kipeo cha 31 kutoa 1.

Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Sekunde hizo zitafikia ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7, kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, programu isiyorekebishwa itaruka hadi Desemba 1901. Dawa ni kutumia biti 64, na simu na kompyuta nyingi mpya zimeshafanya hivyo. Wasiwasi wangu ni hifadhidata za zamani, hasa za mikopo na pensheni, ambazo tayari zinaandika tarehe za baada ya 2038. Anayesimamia mfumo wa aina hiyo aingize 20 Januari 2038 kwenye nakala ya majaribio wiki hii, aone mfumo unarudisha tarehe gani.