Je, wajua kwa nini chumvi ile ile humpandishia mmoja presha na mwenzake haimgusi?

Wamekula chungu kimoja miaka yote, papa mkavu na kachumbari iliyokolea chumvi, lakini mmoja anameza dawa za presha na mwenzake kila akipimwa ni 120 kwa 80. Watu husema huyu wa kwanza ana mawazo mengi. Huenda anayo kweli, ila wa kutazamwa kwanza ni figo zake.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Ndani yake mna chumvi inayokaribia kilo moja na nusu! Zaidi ya asilimia 99 ya chumvi hiyo hurudishwa mwilini, na kinachobaki ndicho hutoka na mkojo. Figo ikirudisha zaidi kidogo tu kuliko inavyopaswa, chumvi hiyo hubaki na kuvuta maji, damu ikaongezeka wingi, na moyo ukawa na kazi kubwa zaidi ya kuisukuma.

Mtu anayeihimili chumvi akila chakula kilichokolea, homoni zinazoiamuru figo ishike chumvi hushuka, mishipa ya damu hulegea, na ziada hutoka na mkojo. Kwa yule ambaye chumvi humwathiri upesi, homoni hazishuki vya kutosha, mishipa haitanuki, na figo haiwezi kutoa ziada yote mpaka presha ipande iisukume. Mwili wake hutoa chumvi kwa gharama ya presha.

Lewis Dahl, mtafiti wa Marekani, alilionyesha hili kwa panya. Katika miaka ya 1960 alizalisha koo mbili: moja ikilishwa chumvi presha inaruka, nyingine haishtuki. Baadaye yeye na wenzake wakawabadilishia panya hao figo. Presha ikafuata figo: panya dhaifu akipewa figo ya ukoo imara, presha yake ilishuka. Hakuna ushahidi unaonishawishi zaidi ya huo.

Kwa binadamu, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 uliwawekea watu maji ya chumvi kwa dripu, kisha wakapewa chakula chenye chumvi kidogo sana pamoja na dawa ya kukojosha. Karibu nusu ya wenye presha, na kama robo ya wasio nayo, walionekana kuathirika upesi na chumvi. Kipimo cha namna hiyo hakifanyiki kwenye zahanati, na ulimi nao hausemi lolote. Tunachojua ni kwamba hatari huongezeka kwa umri, kwa wanawake waliokoma hedhi, kwa wenye kisukari, unene au ugonjwa wa figo, na tafiti nyingi za Marekani zimeiona zaidi kwa watu weusi.

Halafu kuna potasiamu, madini yanayosaidia figo kuitoa chumvi. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Wajaluo waliohama vijijini Nyanza kwenda Nairobi. Muda mfupi baada ya kufika mjini, chumvi kwenye mkojo wao ilikuwa juu, potasiamu chini, na presha yao ikizidi ya wenzao waliobaki kijijini. Uzito nao uliongezeka, kwa hiyo chumvi haikuwa peke yake. Lakini ukifikiria chakula cha mjini, mkate, chipsi, soseji na viungo vya pakiti, unaona chumvi inavyoingia bila mtu kugusa kopo la mezani.

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile ya kwenye mkate. Mchicha, maharage, ndizi na parachichi huleta potasiamu. Nchini China, utafiti wa mwaka 2021 katika vijiji 600 uliwapa watu chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu, na visa vya kiharusi vikapungua kwa asilimia 14. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke, asiinunue chumvi hiyo kabla ya kumwuliza daktari, maana potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo.