Matone ya polio na uvumi wa utasa

Kila kampeni ya chanjo inapofika Likoni au Kisauni, huku Mombasa, hurudi uvumi wa tangu zamani kwamba matone ya polio humfanya mtoto awe tasa ukubwani. Matone hayo yana virusi vya polio vilivyodhoofishwa, ambavyo huufundisha mwili kujikinga kuanzia matumboni. Hayana dawa yoyote ya kuzuia uzazi. Klabu za Rotary, za watu wanaojitolea kuhudumia jamii, ambazo tangu 1985 zimechangia juhudi za kutokomeza polio duniani, hulazimika kulieleza jambo hili tena na tena. Ushahidi, kwa maoni yangu, uko mlangoni: mama anayempakata mwanawe atiwe matone, kisha kidole kidogo cha mtoto kipakwe wino, mara nyingi naye alitiwa matone ya polio miaka ya 1990, na bado amezaa.