Ubora wa taasisi ni nini, na moshi unaingiaje humo?

Wachumi wakisema "ubora wa taasisi" hawazungumzii majengo wala wingi wa sheria. Wanauliza: mkataba ukivunjwa, mahakama itaamua lini? Leseni hutolewa kwa kutimiza masharti au kwa bahasha? Benki ya Dunia hupima mambo haya kwa vigezo 6, vikiwemo utawala wa sheria na udhibiti wa rushwa.

Kwa upande wa uchumi hesabu ni nyepesi: mwenye mtaji huweka fedha pale anapojua hatadhulumiwa. Kwenye hewa ndiko kwenye utata. Taasisi zikiwa hodari wa kuvutia viwanda lakini dhaifu katika kuvikagua, uchumi unakua na moshi unaongezeka.

Tazama mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, Kenya. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi ya kuuza nje kilianza kazi jirani kabisa na makazi ya watu wapatao 3,000. Sheria ya mazingira ilikuwapo tangu 1999, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ipo kuisimamia. Kiwanda kilikuwa chini ya mpango wa EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya kuuza nje, unaompa mwekezaji nafuu ya kodi. Mkono wa kukaribisha ulifanya kazi upesi, wa kukagua ukasuasua. Moshi na maji machafu vikaingia mtaani. Watoto walipopimwa, damu yao ikakutwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo na ambaye mwanawe naye aliathirika, aliongoza wakazi kupinga. Kiwanda kilifungwa 2014. Takwimu za pato la taifa huhesabu risasi iliyouzwa. Ugonjwa wa mtoto haukatwi humo.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikiwabebesha mzigo wenye kiwanda pamoja na asasi za serikali, NEMA ikiwemo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mimi nasoma kesi hii pande mbili: mahakama kuibana serikali yake yenyewe ni ubora, mgonjwa kungoja miaka 10 tangu kiwanda kifungwe si ubora hata kidogo.

Je, lazima mahakama ziwe huru ndipo hewa isafike? China, ambako mahakama si huru, inatatiza jibu. Wastani wa vumbi laini, PM2.5, mjini Beijing ulishuka kutoka maikrogramu 89.5 kwa mita ya ujazo mwaka 2013 hadi 33 mwaka 2021, uchumi ukiendelea kukua. Serikali kuu iliwapa viongozi wa mikoa malengo ya hewa na kuwapima kwayo. Lakini anayepimwa hutafuta njia ya mkato: mwaka 2016, mjini Xi'an, maofisa wa mazingira waliziba mashine za kupimia hewa kwa pamba ili zisome vumbi kidogo. Walikamatwa, wakafungwa.