"Niliinuka mwenyewe, sikuumia"

"Daktari, pikipiki ilinilaza tu pale mchangani. Niliinuka mwenyewe nikaendelea na safari ya shamba." Maneno haya nayasikia kila msimu wa korosho, kutoka kwa wazee wa Tandahimba, Nanyamba na Newala. Kwao aliyeumia kichwa ni aliyezimia au aliyetoka damu. Aliyeinuka akajipangusa vumbi amepona.

Si kweli, na kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea ni hatari kuamini hivyo. Umri ukisonga ubongo husinyaa, pakabaki nafasi kati yake na fuvu. Vishipa vinavyovuka nafasi hiyo huvutika, kwa hiyo mtikisiko ambao kijana wa bodaboda angeusahau jioni ile ile hutosha kuvichana. Damu huvuja polepole kwa wiki mbili, tatu, hata zaidi. Siku ya kwanza pengine hata kichwa hakiumi. Baadaye mzee anaanza kusinzia mchana, anasahau majina ya wajukuu, anayumba akienda msalani, mguu mmoja unaburuza. Nyumbani wanasema ni uzee, au kuna mkono wa mtu. Mwezi unakatika kwa waganga na hakuna anayeikumbuka ile siku ya mchangani. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi tiba ni kutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuitoa ile damu, na mzee akarudiwa na akili zake.

Basi ukianguka, babu, njoo siku ile ile hata kama huumwi popote. Beba dawa zako zote. Aspirini ya moyo, wafarini na klopidogreli huzuia damu kuganda, nasi lazima tujue unatumia ipi. Usiziache kwa uamuzi wako. Na tarehe ya kuanguka iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Hilo nalisisitiza kwa kila familia, maana ndiyo itakayotuelekeza kwenye CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, mapema.

"Kofia ngumu ni ya barabara ya lami." Shambani ndiko kwenye mchanga na mizizi ya mikorosho! Kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa takribani asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Ivae, ufunge na mkanda wake.

"Nimeendesha miaka 30." Uzoefu haurudishi macho. Jicho la miaka 60 hupata kama theluthi ya mwanga unaoingia kwenye jicho la miaka 20, na mwenye mtoto wa jicho taa za lori humpofusha kabisa. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unayochelewa kushtuka ni mita 17 zimekwenda kabla hujagusa breki. Saa kumi na mbili jioni ikukute nyumbani.

"Breki ya mbele itakurusha." Kwenye lami kavu ndiyo inayosimamisha pikipiki kuliko ya nyuma, zikamate zote mbili, taratibu. Mchangani tu ndipo nakubaliana nanyi kuiogopa.