Kumshika nyoka shingoni si kinga

Hapa Bukavu wengi tumekua tukiambiwa: ukimshika nyoka nyuma ya kichwa, hawezi kukuuma. Neno hilo linanitia hofu.

Yuko nyoka wa udongoni, Atractaspis: mweusi, mwembamba, kichwa kidogo kisichotofautiana na shingo. Ukimfukua kwa jembe utamdhani hana neno. Lakini meno yake ya sumu ni marefu, na hutokeza pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa. Anapinda kichwa kidogo tu, jino moja linachoma kidole kilekile kilichomshika. Kwa vidole, huyu hashikiki salama.

Ndiyo maana watafiti wanaohesabu nyoka hubeba ndoano na koleo la mpini mrefu. Mkono ni kwa nyoka aliyekwisha kutambuliwa kuwa hana sumu, tena mkono uliofundishwa.